Pumzi katika Spika ya Kushoto

Nianze na dhambi yangu, maana nikianza na jini mtadhani kosa lilikuwa la jini.

Nilisema uongo. Haukuwa uongo wa kuiba wala wa kumchafulia mtu jina. Ulikuwa wa maneno matano tu, nikausema nikiwa na udhu, nimetoka kuswali alasiri, mbele ya mtu aliyeniamini kuliko alivyowaamini madaktari. Nilimwambia, "Taa zote ni nzima, shemeji."

Mimi ni fundi wa redio. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mtanisamehe nikieleza mambo kienyeji. Watu wananiita Waya, kwa kuwa ni mwembamba na kwa kuwa kazi yangu ndiyo hiyo. Jina hilo alinipa mdogo wangu wa kike, tumbo moja, na yeye hakuna aliyemponyoka kwa majina. Alipoolewa na mwashi, mtu mpana mwenye viganja kama koleo, siku ya pili tu akaanza kumwita Bwana Tofali, na mwashi wa watu akaitika.

Sebuleni kwao palikuwa na amplifaya ya zamani, ile ya taa. Mashine za siku hizi ukizifungua hakuna cha kuona. Ile ilikuwa na vichupa saba vya glasi vimesimama wima juu ya bati, kila kimoja na uzi mwekundu ndani. Taa hizo huchoka kama watu. Kila baada ya miezi kadhaa nilikwenda kuzikagua: nazima, nasubiri zipoe, nachomoa moja moja bila kuzitikisa, nasafisha miguu yake kwa kitambaa chenye spiriti, naangalia ile rangi ya fedha kichwani. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, ujue hewa imeingia na taa imekufa. Kisha napima nguvu, narudisha kila moja mahali pake.

Shemeji hakuthubutu kuzigusa. "Mikono hii inajua tofali tu," alikuwa akisema. "Nikishika hiyo glasi nitaikamua kama chungwa."

"Kaa mbali basi, Bwana Tofali," dada angemjibu kutoka jikoni. "Mwachie daktari wagonjwa wake. Na wewe Waya, ukimaliza kuwapima hao, mpime na huyu, tangu jana ananuna."

Dada yangu alikufa kwa homa ya siku sita. Akaacha binti wa miaka saba, mcheshi kama yeye, msemaji kama yeye, mtoto wa kumwambia nyamaza mara tatu ndipo anyamaze.

Shemeji alizika, akarudi nyumbani, akakaa. Kazini alikwenda siku moja na kukosa tatu. Ndevu zikaota hovyo. Chakula nilichompelekea nilikikuta kesho yake kimefunikwa vilevile. Hakulia mbele ya mtu, na hata siku moja sikumsikia akitamka kwamba mkewe amekufa. Alisema "tangu lile jambo" au "tangu ile wiki." Mwezi wa tatu baada ya mazishi akaja dukani kwangu, wakati wa jua kali, amesimama mlangoni bila kuingia.

"Waya," akasema polepole, "kuna kitu kinapumua kwenye mashine."

Nilibeba mkoba wangu, nikapitia msikitini, kisha nikaenda. Sebule ilikuwa kimya. Binti alikuwa amelala mkekani, kando ya mashine, daftari la shule kifuani. Shemeji akawasha. Hakuweka muziki wowote. Tulingoja nyuzi ziwe nyekundu, na kidogokidogo, kwenye spika ya kushoto, nikasikia: hhh, kimya, hhh, kimya. Pumzi ya mtu aliyelala. Nyepesi, ya kike.

Nywele zilinisimama, sikatai. Lakini fundi ni fundi. Nikatoa penseli, nikaigeuza upande wa kifutio, nikagonga taa moja baada ya nyingine, taratibu. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, ile ndogo ya mbele, ikalia kwenye spika: ngiiiing, kama kengele ya baiskeli iliyo mbali.

Nikajua. Ugonjwa huo ni wa kawaida. Vyuma vya ndani vya taa hulegea, basi taa inaanza kusikia. Inadaka kila mtikisiko wa chumbani, nyayo, mlango, hata pumzi ya aliye karibu, na kuikuza na kuitupa kwenye spika. Dawa yake ni kuibadilisha tu. Mfukoni nilikuwa nayo mpya, imefungwa kwenye pamba.

Nikainua uso nimwambie. Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele ya spika, ameweka sikio lake kubwa pale kwenye kitambaa, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mazishi. Alikuwa anatabasamu.

"Ni yeye," akanong'ona. "Sivyo? Wewe ndiye unayejua haya mambo. Kama ni ubovu, niambie ni ubovu."

Hapo ndipo niliposema yale maneno matano. Na ile taa mpya ikabaki mfukoni kwenye pamba yake.

Nilijipa sababu nzuri. Nilijiambia nimemsetiri mfiwa, nimempa siku mbili tatu za nafuu. Kweli alikula jioni ile. Kesho yake alinyoa. Wiki nzima alikwenda kazini, na jirani akaniambia, "Shemeji yako kafufuka." Nikamshukuru Mungu kwa uongo wangu, Mungu anisamehe.

Wiki ya pili shemeji aliniambia kwamba jana mchana mashine ilicheka. Mara moja, kidogo, kama mtu anayecheka na pini za nywele mdomoni. Aliacha kuizima tangu siku ile. Nilipokwenda kuona, nilikuta bati limekuwa la moto kiasi kwamba hewa juu yake inacheza, na harufu ya vumbi linaloungua imejaa nyumba. Ndani ya harufu ile kulikuwa na nyingine. Nilidhani ni nguo za shemeji, zina udongo wa kazini. Lakini udongo wa kazini ni mkavu. Huu ulikuwa mbichi, umetoka chini, udongo wa shimo refu.

Binti alikuwa mezani anasoma kitabu cha shule, kidole kwenye mstari. Sauti yake ilikwaruza.

"Umepata mafua, mwanangu?"

"Hapana mjomba." Akameza mate. "Sauti imechoka tu."

Wiki ya tatu mashine iliniita jina.

Nilikuwa nimeinama, napapasa nyaya za nyuma. Kwenye spika ya kushoto, karibu na shavu langu, ikasema, "Waya." Vilevile kama alivyokuwa akiniita, anavuta ile herufi ya mwisho kama anayevuta uzi kwenye sindano. Nilikaa chini kwenye sakafu kama mtoto. Nikalia. Shemeji akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Nilikwambia."

Sasa sikilizeni jinsi nilivyozidi kuoza. Nilikwenda siku tatu mfululizo, shemeji akiwa kazini, nikaongea nayo. Mimi niliyejua ile taa ni mbovu. Siku ya tatu roho ilinisuta, nikauliza swali la mtego: utotoni, tukiwa wawili tu bila mtu mwingine wa kutusikia, tulikuwa na mbuzi mmoja na dada ndiye aliyempa jina. Nikauliza, "Yule mbuzi tulimwitaje?"

Nyuzi zote saba zikafifia kidogo, kisha zikapanda. "Unalijua, Waya," ikasema kwa upole. "Sema wewe kwanza."

Nami nikaridhika. Niliondoka nimeridhika, kama mtu aliyenyimwa maji akaonyeshwa mtungi.

Mwisho wa wiki ile mwalimu wa shule akamrudisha binti na barua. Mtoto hasikiki darasani. Nilimpeleka hospitali, daktari akammulika kooni, akasema koo ni safi, pengine ni huzuni, tumpe muda. Tulipokuwa tunarudi, binti akanivuta mkono niiname. Alichosema kilikuwa hewa tupu yenye umbo la maneno.

"Mjomba, yule siyo mama."

"Umejuaje?"

"Mama alikuwa ananiambia nyamaza. Huyu ananiambia sema. Baba akitoka ananiambia sema, sema, sema. Nikisema, sauti yangu inaondoka."

Nilimwacha kwa jirani, nikaenda pale nyumbani peke yangu, saa nane mchana, watoto wa mtaani wanacheza mpira nje, nikafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo. Sisi mafundi tuna njia moja isiyodanganya. Kama kuna kelele kushoto, unachukua taa ya kushoto na pacha wake wa kulia, unazibadilisha nafasi. Kelele ikihamia kulia, taa ndiyo mbovu. Ikibaki kushoto, ubovu uko kwenye mashine.

Nilibadilisha ya tatu na ya nne kwa kitambaa, mashine ikiwa inawaka vilevile. Sauti ikabaki kushoto. Lakini ilikuwa hafifu, ya mtu aliye kwenye kisima. "Mlete," ikawa inasema. "Mlete, Waya. Mlete karibu." Nikaitoa kabisa ile mbovu, nikaweka ile mpya iliyokaa mfukoni wiki zote zile, nikagonga kwa penseli: kimya, taa safi, glasi haina doa. Na sauti ikaendelea.

Mlango ukafunguka. Alikuwa binti. Alikuwa ameitwa, na jirani hakumsikia akitoka. Alipita mbele yangu kama anayetembea ndani ya maji, akaenda kukaa mkekani upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote, na sauti ikajaa ghafla, nene, tamu, ya dada yangu kabisa. Nikamshika mabega nikamhamishia upande wa kulia wa sebule, na sauti ikahama naye, ikapita katikati ya chumba bila spika yoyote kuibeba, nikaihisi inapita mbele ya uso wangu pamoja na ubaridi na ile harufu ya shimo, ikaingia kwenye spika ya kulia na kuendelea na neno lilelile pale lilipokuwa limekatikia, wala haikuwa taa, wala haikuwa mashine, ilikuwa inamfuata mtoto kama kichanga kinavyofuata titi. Nikarukia swichi nikazima. Nyuzi zikaanza kufa moja moja, na binti akajishika shingo, midomo ikawa ya kijivu, macho yakanitazama bila kunilaumu, nikawasha tena, naapa sikuwa na la kufanya, nikawasha, na mtoto akavuta pumzi, na spika ikavuta pumzi pamoja naye.

Nilikimbia kwa Ustadhi. Ni kijana kwangu kwa miaka kumi, ana cherehani mbili na kaunta ndogo, asubuhi anafundisha watoto kusoma Kurani, mchana anashona. Nilimkuta na pini mdomoni.

"Mimi nashona nguo, Waya," akasema baada ya kunisikiliza kidogo. "Watu mnakumbuka kwamba nasoma pia pale mlipokwisha kuzunguka kote."

"Sijazunguka kokote. Nimekuja kwako kwanza."

"Wiki ya nne ndiyo kwanza?" Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Majini hayavunji mlango. Yanakaa pale yalipoitwa. Nani alimwambia yule bwana kwamba ni mkewe?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Waya."

"Mimi."

"Na ulikuwa unajua siyo yeye?"

"Nilikuwa najua."

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alisema, "Basi lile limekaa juu ya neno lako, mashine ni kiti tu. Nitasoma, lakini kusoma kwangu hakuwezi kufuta ulichokisema wewe. Utakitoa mwenyewe, mbele yake na mbele ya hilo linalosikiliza. Kisha mwenye nyumba azime kwa mkono wake, kwa kupenda. Asipopenda, mtoto ndiye atakayezimika."

Tulimkuta shemeji ameshafika, ameketi kwenye kiti chake, ametulia. Binti mkekani, kushoto. Spika ilikuwa inamsimulia kitu, sauti ya chini ya mke anayezungumza na mumewe vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Ustadhi alikaa karibu na mlango, akaanza kusoma, bila kupaza sauti. Ile sauti ilikatika.

"Bwana Tofali," ikasema, "huyu mtu ananiumiza masikio."

"Ustadhi, acha," shemeji akasema. "Waya, mwambie aache."

Nikapiga magoti mbele ya shemeji yangu. "Shemeji, siku ile ya kwanza nilikudanganya. Taa ya tatu ilikuwa mbovu. Niliigonga nikajua papo hapo. Taa mpya nilikuwa nayo mfukoni."

Alinitazama kama ambaye hajaelewa lugha. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Lakini ile pumzi niliisikia. Na wewe uliisikia."

"Ilikuwepo."

"Ilikuwa pumzi ya nani?"

Nilishindwa kumtazama. "Ya mwanao. Alikuwa amelala pale mkekani, karibu na mashine. Taa ilikuwa inamdaka yeye."

Shemeji aligeuka polepole kumwangalia binti yake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia tangu mazishi. Alikuwa amekonda. Mshipa wa shingo unahesabika. Na spika ikaanza kuomba, kwa sauti ile ile ya dada yangu, sauti ya siku ya sita ya homa, midomo imekauka. "Usinizime, Bwana Tofali. Kule nilikotoka kuna baridi. Sikuaga. Usinizime kabla sijakuaga." Na kila neno lilipotoka kwenye spika, midomo ya mtoto ilicheza pamoja nalo, neno kwa neno, bila hata chembe ya sauti, machozi yanamtoka huku analazimishwa kutamka.

Niliona mume anatazama mdomo wa mwanawe, kisha spika, kisha mdomo tena. Ustadhi hakuacha kusoma. Shemeji akainuka, akaenda kwenye mashine, akaweka kile kidole kinene kwenye swichi, na akakaa hivyo.

"Mke wangu alikufa," akasema. Akarudia. "Mke wangu alikufa siku ya sita, asubuhi. Nilikuwa nimemshika mguu. Uliendelea kuwa wa moto muda mrefu, nikadhani bado. Aliniaga. Aliniambia nimfunge mtoto viatu. Wewe hukuwepo. Ungekuwepo ungejua."

Akazima.

Hakukuwa na mlio wala kishindo. Nyuzi saba zilikufa moja baada ya nyingine, na ya tatu ikakawia, ikawa nukta, ikaisha. Ile harufu ikatoka nje ya mlango tukiihisi inapita magotini mwetu, na Ustadhi akasogeza miguu kuipisha. Binti akaanguka upande. Baba yake akamdaka kabla kichwa hakijagusa sakafu, akamwekea sikio kifuani, akabaki hivyo, na kwa mara ya kwanza akalia kama watu wanavyolia.

Shemeji hakunipiga. Aliniambia tu, "Nenda nyumbani, Waya," nami nikaenda. Tangu hapo tukikutana ananipa salamu, naitikia, inaishia hapo. Ana haki. Nilimfanya amzike mke mara mbili, na nilikuwa nimemwuza mtoto wake kwa bei ya tabasamu moja. Amplifaya ile niliondoka nayo siku ileile, nikaifungua mwenyewe na taa zake nikazivunja ndani ya gunia, ile mbovu na zile nzima.

Jini lilikwenda. Lililochukuliwa halikurudi lote. Madaktari watatu wameangalia koo, na wote wamesema ni safi. Yule mtoto aliyekuwa hanyamazi sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, na sauti aliyobaki nayo ni nyembamba kuliko karatasi inayofunuliwa. Baba yake amejifunza kuinama. Mtu mpana vile, nimemwona kwa mbali barabarani, ameinama mpaka mgongo umepinda, anamsikiliza.

Anafanya kazi kwa Ustadhi, kwenye kaunta. Yeye ndiye anayepima wateja. Mnakwenda kushona pale, wengi wenu. Atakuuliza urefu wa mkono unautaka uishie wapi, na mara ya kwanza hutamsikia. Nakuomba usimwambie apaze sauti. Inama, mpe sikio, umsubiri amalize.